Kioo cha Lori Kifuani

Wapendwa wasomaji, naomba mnivumilie nikianza na kichezeo cha mtoto. Nitafika kwenye toba, na nitafika kwenye jambo lililotokea katika usharika wetu ambalo kwa muda mrefu sikutaka kuliandika. Lakini njia iliyonifikisha huko ilianzia mikononi mwa mjukuu wangu, nami siwezi kuiruka.

Binti yangu huuza nguo za watoto za mitumba. Siku moja alifungua robota jipya uani, na kati ya fulana na soksi kikadondoka kitu cha plastiki chenye rangi nyekundu na buluu. Mjukuu wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 9, alikitambua mara moja kwa sababu alikuwa amekiona kwenye katuni. "Babu, roboti imetoka kwenye robota!" akasema, akaucheka utani wake mwenyewe, kisha akaomba apewe. Akapewa.

Roboti ile inaitwa Optimus Prime, na sifa yake ni kwamba hugeuka kuwa lori. Niliikagua jioni nzima, na kama mzazi angeniuliza iwapo inafaa kununuliwa, ningemjibu hivi. Ni kazi ya mtu aliyefikiri. Ikiwa imesimama, ina kichwa, kifua, mikono na miguu kama mtu. Ukiibana mikono ubavuni, ukakirudisha kichwa ndani, ukaikunja miguu kuelekea nyuma, mbele yako kuna kichwa cha lori chenye magurudumu sita, nacho kinaserereka vizuri sakafuni. Haihitaji betri wala bisibisi. Inahitaji subira tu, maana ukikilazimisha kiungo kwenda upande ambao hakikutengenezewa, utakivunja. Na ukiitazama imesimama, bado unaliona lori. Kioo cha mbele cha lori ndicho kifua cha roboti, shoo ya mbele ndiyo tumbo lake, na magurudumu yanaonekana miguuni. Aliyeibuni hakujaribu kuyaficha.

Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa. Katika kichezeo cha awali ngumi za roboti zilikuwa vipande viwili vya kuchomeka. Kabla ya kuigeuza kuwa lori unazichomoa na kuziweka kando, kwa kuwa ndani ya lori hazina mahali. Vipande vidogo namna hiyo mikononi mwa watoto havikai, na roboti yetu ilifika bila hata kimoja. Mjukuu aliitazama akasema, "Mikono anayo, ila ya kushikia hana."

Historia yake nayo yafaa ijulikane, maana nitairudia. Kichezeo hiki hakikuanza na jina hilo. Kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa na vichezeo vilivyoitwa Diaclone, na mwaka 1983 ilitoa lori hili kwa jina la Battle Convoy. Katika hadithi ile roboti ilikuwa mashine tu, na waliokuwa hai ni madereva, yaani vijitu vidogo vilivyoketi ndani na kuiendesha. Ndiyo sababu kioo cha kifuani kilitengenezwa kifunguke, na nyuma yake ikaachwa nafasi ya kukaa dereva. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilivichukua vichezeo vya Diaclone pamoja na vingine vya Takara, ikaviita Transformers, na waandishi wakavitungia hadithi nyingine. Sasa dereva hakuwepo tena. Roboti zenyewe zilikuwa hai, zenye majina na hiari, baadhi njema na baadhi mbaya. Lile lori likawa Optimus Prime, kiongozi wa zile njema, na neno la kwanza la jina lake ni la Kilatini lenye maana ya aliye bora kuliko wote. Plastiki ilikuwa ileile na viungo vilevile. Hata ile nafasi ya dereva nyuma ya kioo ilibaki, ingawa hadithi mpya haikuwa na kazi nayo.

Mimi sikuyawaza hayo siku ile. Niliona mfano wa kufundishia. Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu yangu kuongoza ibada ya jumuiya, nikamwazima mjukuu kichezeo chake, naye akanifuata ili asikipoteze machoni. Nilikigeuza mbele ya watu: sasa roboti, sasa lori, sasa roboti tena. Nikasema, "Mtazameni kigeugeu."

Nilieleza kwamba lugha yetu inatuonya, maana kutoka mzizi uleule tunapata mtu aliyegeuka na tunapata kigeugeu. Nikawafungulia Warumi 12, ambapo Mtume Paulo anatukataza kujifananisha na ulimwengu na kututaka tugeuzwe katika nia. Kwa Kiyunani ametumia maneno mawili tofauti. Lile la kujifananisha limejengwa juu ya skema, yaani sura ya nje. Lile la kugeuzwa limejengwa juu ya morfe, yaani umbo lenyewe. Na katika 2 Wakorintho 11, anaposema kwamba Shetani hujivika sura ya malaika, Paulo anatumia lile la sura ya nje. "Kichezeo hiki," nikasema, "kimegeuka mara mia na bado ni plastiki. Leo kinasimama kama mtu, kesho kinarudi kuwa lori. Na watu wa namna hii wako hata kati yetu."

Pakawa kimya. Hakuna aliyeuliza nilimaanisha nani, kwa kuwa kila mtu alijua. Naye alikuwa ameketi karibu na mlango.

Ndugu huyo sitamtaja jina. Alikuwa mweka hazina wa mfuko wetu wa kusaidiana misibani, naye alikula fedha za mfuko. Hakuna aliyejua mpaka siku mama mmoja wa jumuiya yetu alipofiwa na mumewe. Tulipofungua sanduku tulikuta karatasi za hesabu na fedha zisizotosha hata sanda. Mama yule alimzika mumewe kwa mkopo. Sitaki kulifanya jambo lile kuwa dogo. Kumwibia mtu siku ya msiba ni kumwibia mara mbili.

Alitengwa. Baada ya muda alikuja mwenyewe kwa mchungaji, akaungama mbele ya usharika, akarudi kundini kwa utaratibu wote wa kanisa letu. Kisha akaanza kulipa. Mwezi huu alileta Sh 30,000, mwezi ule Sh 20,000, na miezi mingine alikuja kusema hana, lakini alikuja. Baada ya miaka miwili deni likaisha.

Nilipofundisha somo langu la kigeugeu, deni lile lilikuwa limeisha kwa miaka minne. Katika miaka hiyo yote ndugu yetu aliketi benchi la nyuma. Alipoomba kuimba, kwaya ilikuwa imejaa. Alipojitolea kusafisha kanisa, zamu zilikuwa zimekwisha kupangwa. Na tulipoanza kujenga nyumba ya mwinjilisti, vitabu vya ujenzi vikavurugika hata tukashindwa kujua tumenunua mifuko mingapi ya saruji, yeye alisema kwa sauti ndogo kwamba angeweza kusaidia hesabu. Kila mtu alijua kwamba hakuna mwenye mkono mzuri wa hesabu kuliko yeye. Katika baraza la wazee ni mimi niliyesimama nikasema, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka." Wakacheka, na ajenda ikapita. Kusema kweli, somo la Alhamisi ile lilikuwa la kuufunga mlango huo kwa Maandiko ili usifunguliwe tena.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani mjukuu alikuwa kimya kuliko kawaida yake. Kisha akauliza, "Babu, kwani lori ni baya?"

Nikamjibu kwamba sikusema lori ni baya.

"Umesema akisimama anajifanya mwema, halafu anarudi kuwa lori. Lakini Babu, akiwa lori hafanyi ubaya. Akiwa lori anabeba. Ni yeye yuleyule. Mbaya ni Megatron. Megatron akigeuka anakuwa bastola, na akirudi kuwa roboti bado ni mbaya."

Nilimwambia atazame njia asijikwae. Lakini nilipofika nyumbani sikulala mapema.

Mtoto alikuwa ameona kosa ambalo watu wazima zaidi ya ishirini hawakuliona, nikiwemo mimi. Nilikuwa nimechukua maumbo mawili ya kichezeo, nikaliita moja utakatifu na jingine dhambi, bila kuuliza kama ndivyo yalivyo. Katika hadithi ile umbo halimfanyi yeyote kuwa mwema wala mbaya. Optimus Prime ni mwema akiwa amesimama na akiwa na magurudumu. Adui yake Megatron, ambaye kwa kweli katika vichezeo vya 1984 aligeuka kuwa bastola, ni mbaya katika maumbo yote mawili. Swali si kama mtu ni roboti au lori. Swali ni kwamba yule anayesimama na yule anayebeba mizigo anamtumikia nani.

Basi nikajiuliza: lori katika maisha ya ndugu yetu ni kitu gani? Ni kipawa cha hesabu. Ni ile akili inayoona kosa la shilingi mia katika ukurasa mzima. Kipawa hicho si dhambi. Alitenda dhambi kwa kukitumia, kama mtu awezavyo kutumia ulimi, au cheo, au hata ibada ya jumuiya ya Alhamisi. Nasi tulimwambia ametubu, tukampokea, lakini kwa matendo yetu tulimtaka asiwe tena mtu anayejua kuhesabu. Tulimtaka awe mtu mwingine kabisa, na kwa kuwa aliendelea kuwa yeye, tukasema hajageuka.

Hapa ndipo lilipo swali lililonisumbua. Mungu anapomgeuza mtu, hugeuza nini? Je, humtupa yule wa kwanza na kuleta mwingine mahali pake? Au humchukua yuleyule, na vipande vyake vyote, akampanga upya?

Najua Maandiko yanasema kwa nguvu juu ya upya huo. Bwana Yesu alimwambia Nikodemo habari za kuzaliwa mara ya pili, na Paulo anamwita aliye ndani ya Kristo kiumbe kipya. Sipunguzi neno hata moja. Lakini tuwatazame waliozaliwa upya, tuone walivyokuwa. Petro alikuwa mwepesi wa kuruka mbele na mwepesi wa kuogopa watu. Baada ya Pentekoste aliruka mbele kwa ujasiri mbele ya wakuu, lakini huko Antiokia aliogopa watu tena, hata Paulo akamkemea hadharani, kama tunavyosoma katika Wagalatia 2. Paulo mwenyewe alikuwa na bidii iliyomfikisha njia ya Dameski akiwatafuta waumini awafunge. Bidii ile haikuzimwa. Ndiyo iliyompeleka mji kwa mji akihubiri, akipigwa na kuvunjikiwa meli. Mathayo alitolewa forodhani, mahali pa kuketi na kuandika nani amelipa nini, na kwa mapokeo ya Kanisa ndiye aliyeketi tena akatuandikia Injili kwa mpangilio. Mungu hakutupa vipande. Alivichukua vyote, na mwenye kuviongoza akawa mwingine.

Kisha nikasoma Luka 3, nikaona aibu. Yohana Mbatizaji anawaita watu kwenye toba kwa maneno makali kuliko yangu. Makutano wanamwuliza wafanye nini. Wanakuja watoza ushuru, watu waliochukiwa kwa wizi wao, nao wanauliza. Hapo ningetegemea awaambie waache kazi ile isiyo na heshima, wasiguse fedha tena maishani. Hakuwaambia hivyo. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiasi walichoamriwa. Askari nao aliwakataza kunyang'anya kwa nguvu na kusingizia watu, akawataka waridhike na mshahara wao. Aliwarudisha kazini kwao wakiwa na mikono ileile, ili toba yao ionekane palepale walipokosea.

Mtu anaweza kusema: kwa hiyo tusahau aliyoyafanya? Hapana, na hapa kichezeo kilinifundisha tena. Roboti inaposimama, kioo cha lori kiko kifuani pake, mbele, mahali pa kwanza macho yanapotua. Haikihifadhi mgongoni. Historia yake haikufutwa ili iweze kusimama. Nami nilikumbuka Yohana 20, pale Bwana aliyefufuka anapomwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Mwili ule ulikuwa mwili wa utukufu, mauti haikuwa na nguvu tena juu yake, na bado alama za misumari zilikuwepo. Naelewa tofauti: zile zilikuwa alama za upendo wake, na zetu ni alama za makosa yetu. Lakini kama Mungu hakuona haja ya kufuta makovu katika mwili uliofufuliwa, kwa nini sisi tumdai ndugu yetu awe kama mtu asiyewahi kuanguka ndipo tumwamini? Anaweza kuubeba wizi wake kifuani, waziwazi, bila kuuficha na bila kupondwa nao. Kumkumbuka mtu alivyoanguka si kosa. Kosa ni kumwambia kwamba hicho ndicho kitu pekee alicho.

Kila mfano una mwisho wake, na kichezeo hiki kina mahali kinapotuacha. Chenyewe hakijuti. Hugeuzwa na vidole vya mtoto, hurudi kwa vidole vilevile, na hakimlipi mtu kitu. Mwanadamu hageuzwi hivyo. Tena nilikosea nilipofanya kule kugeuka mara nyingi kuwa ndiyo alama ya unafiki. Sisi Walutheri tungepaswa kujua zaidi. Mwaka 1517 Martin Luther alipoandika hoja zake 95, katika ile ya kwanza alifundisha kwamba maisha yote ya mwamini yanatakiwa kuwa toba. Anayetubu anageuka leo, na kesho anahitaji kugeuka tena. Tofauti yake na kigeugeu ni upande anaoelekea. Kigeugeu hugeuka kumfuata anayemtazama. Mwenye kutubu hugeuka kumwelekea Mungu, hata pasipo na mtazamaji, na mikono yake hufanya kazi kufuatana na hilo. Zakayo hakutoa hotuba ndefu. Alitaja nusu ya mali yake kwa maskini, na kurudisha mara nne kwa aliyemdhulumu. Ndugu yetu naye alikuja kila mwezi na noti zake, na alipokosa alikuja na mikono mitupu badala ya kujificha.

Toba yake ilikuwa na mikono. Sisi ndio tuliyoichomoa. Tulimsimamisha mbele ya madhabahu, tukaimba, tukampokea, kisha tukazichukua zile ngumi na kuziweka kando kwa usalama, tukamwacha amesimama bila cha kushikia. Na baada ya miaka minne tukashangaa kwamba hafanyi kitu.

Hata hivyo, kuna mtu ambaye sikuwa na haki ya kumsemea. Ni yule mama aliyemzika mumewe kwa mkopo. Kanisa linaweza kumpokea mkosaji, lakini si rahisi kwa mzee wa usharika kuwa mkarimu kwa maumivu ya mwenzake. Nilikwenda kwake. Nilimkuta anachambua mchele, nikamweleza yote, pamoja na somo langu na maneno ya mjukuu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Kusamehe nilisamehe," akasema. "Sikusamehe siku ile ya kanisani, siku ile nililia tu. Nilisamehe mwaka wa pili, alipokuja kuniambia mwezi huu sina. Mwongo angekaa kwake. Mpeni kazi. Ila sanduku asishike peke yake." Akanitazama. "Hata wewe, Mzee, usishike peke yako."

Maneno yale yalinisaidia kutenganisha vitu viwili nilivyokuwa nimevichanganya. Msamaha hutolewa bure, wala haungoji dhamana. Uaminifu hujengwa, na kujenga kunahitaji tofali la kwanza liwekwe na mtu. Nilikuwa nimeutumia ugumu wa uaminifu kama kisingizio cha kukataa msamaha. Wako wengine wanaofanya kinyume chake: wanautumia msamaha kama kisingizio cha kuacha milango wazi, kisha wengine wanaumia. Paulo alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu, katika 2 Wakorintho 8, hakuibeba fedha peke yake. Alituma ndugu kadhaa pamoja, makusudi mtu asipate la kuwalaumu. Ikiwa Mtume alitaka shahidi pembeni yake, basi shahidi si tusi kwa aliyeanguka. Ni ulinzi kwa kila mwenye mikono.

Nilirudi kwenye baraza la wazee nikayafuta maneno yangu ya ung'ongo. Tulikubaliana kwamba vitabu vya ujenzi viwe chini ya watu wawili, kwamba kila malipo yawe na saini mbili, na kwamba hesabu zisomwe mbele ya usharika kila mwezi. Mmoja wa wale wawili ni ndugu yetu. Utaratibu huo tungeuhitaji hata kama asingekuwepo. Ni yeye aliyeomba pia kwamba risiti zote zibandikwe ubaoni nje ya kanisa. "Watu wazione wenyewe," alisema, "na mimi nizione zikiwa pale."

Alhamisi nyingine nilisimama katika jumuiya ileile nikaomba radhi kwa somo langu. Halikuwa jambo jepesi kwa umri wangu. Nilikuwa nimemwita mtu kigeugeu kwa sababu aligeuka, na mimi, niliyejiona sihitaji kugeuka, nilikuwa nimekaa miaka minne katika umbo moja. Ndugu yetu alikubali radhi yangu kwa kutikisa kichwa. Hakusema neno. Safari hii hakuketi karibu na mlango.

Je, ataanguka tena? Sijui, naye hajui. Mimi pia sijui kuhusu mimi. Hilo siliandiki kama shaka, bali kama sababu ya kuendelea kuhesabu wawili wawili na kuomba kila siku.

Ninapoandika haya kichezeo kiko juu ya kabati. Mjukuu alichonga ngumi mbili kutoka kwenye ufutio wake wa shule, akazichomeka. Hazilingani, na moja ni kubwa kuliko nyenzake. Lakini sasa roboti inaweza kushika penseli.

Ndugu msomaji, fikiri juu ya usharika wako. Yuko mtu aliyerudi kundini miaka mingi iliyopita, akapokelewa kwa wimbo, na tangu siku ile hajapewa hata ufagio. Labda unalijua benchi lake. Usimwambie tena kwamba amesamehewa, alikwisha ambiwa. Jumapili ijayo mtafute, umwulize mikono yake inajua kufanya nini. Na Bwana atugeuze sote, asitupe kipande chetu hata kimoja, atupe mikono ya kumtumikia. Amina.